Vituo vya kuchaji magari: tufungue malipo kwanza, betri zisubiri

Moshi hadi Arusha ni kilomita zipatazo 80, na gari la umeme lililochajiwa vizuri halina haja ya kusimama Boma Ng'ombe wala Usa River. Mtihani ni wa dereva wa utalii anayepeleka wageni Karatu, au anayeshuka Dar es Salaam. Huyo atachaji popote atakapokuta kituo. Je, kila mwenye kituo aruhusiwe kumtaka apakue programu yake, afungue akaunti na kuweka salio lisilotumika kwingine?

Wanaozitetea kampuni wana hoja nzito. Kituo cha chaji ya haraka kina gharama ya mashine, transfoma na laini kubwa ya umeme, na magari bado machache. Aliyetia mtaji wa mwanzo anataka wateja warudi kwake. Tesla ilianza kujenga vituo vya haraka 2012 kwa ajili ya magari yake, na ni Novemba 2021 tu ndipo ilipofungulia magari ya wengine vituo 10 vya majaribio, huko Uholanzi.

Lakini Tesla inauza magari. Kituo kilimvutia mnunuzi. Anayejenga kituo Arusha atauza umeme tu, na kila dereva anayeshindwa kulipia pale ni hasara yake mwenyewe.

Sisi Watanzania tumeshaupitia mjadala huu kwenye simu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti, na Vodacom ikajiunga 2016. Makubaliano hayo hayakugusa kila kitu: kampuni ziliendelea kushindana kwa huduma na kwa makato. Ndiyo njia ninayoitaka kwenye chaji. Dereva alipe kwa lipa namba kutoka mtandao wowote, bei ya kila uniti iandikwe kituoni kwa shilingi, na taarifa ya kwamba mashine inafanya kazi au imekufa iwe wazi kwa yeyote. Umoja wa Ulaya ulisubiri hadi 13 Aprili 2024 kuvitaka vituo vipya vya umma vya kW 50 na zaidi vipokee kadi za benki, wakati madereva wake walishajaza simu programu na mifuko kadi za kampuni za chaji. EWURA, mamlaka yetu ya udhibiti wa nishati na maji, inaweza kuweka sharti hilo mapema, vituo vingali vichache.

Sharti jingine halionekani kwa dereva, nalo nalishikilia sana: mashine itumie itifaki ya wazi, yaani lugha ambayo mashine huongea na mfumo unaoiendesha, kama OCPP iliyoanzia Uholanzi 2009, ili kampuni ikifunga biashara mwingine aiendeshe. Bila hivyo vituo vya njia nzima vinaweza kugeuka vyuma chakavu kwa kufilisika kwa mtu mmoja.

Kwenye plagi nasita. Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani huchaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO, magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, ya Ulaya CCS2. Plagi moja ya lazima ingerahisisha ujenzi, ila ingewaacha njiani watu waliokwisha kununua. Kwa sasa vituo vya barabara kuu viwe na kebo zaidi ya moja, ghali ilivyo.

Kwa pikipiki za umeme za kubadilisha betri, ambazo dereva huacha kituoni iliyoisha na kuchukua iliyojaa, nasimama na kampuni. Bodaboda angependa betri yoyote kutoka kituo chochote, na nani asiyemwelewa? Ila betri ni mali ya kampuni, ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki, na ikiungua lazima ajulikane mwenye dhamana. Ukizichanganya leo, kila kampuni itamsukumia mwenzake lawama. Ziachwe na betri zao, mradi mkataba umweleze dereva kwa Kiswahili cha kueleweka atatokaje, na atarudishiwa nini, akitaka kuhama.