Tairi kwanza au kuinua kwanza? Kwa wenye fowili za zamani wanaoanza kutoka lami

Ukiwa na fowili (gari inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne) ya miaka ya tisini na hamu ya kuingia njia mbovu imeanza kukupanda, cha kwanza utakachoulizwa ni kama ushaiinua. Yaani springi ndefu, shokapu mpya, gari isimame juu kila mtu aone. Halafu wapo wanaosema achana na kuinua, funga tairi nzuri uondoke, mengine utayajua hukohuko. Mi niko upande wa tairi na sitaficha, ila hao wa kuinua kuna mahali wako sahihi kabisa na sisi wa tairi huwa tunajifanya hatusikii.

Hoja kubwa ya upande wangu iko chini ya gari, na ukiinama kidogo tu unaiona. Chukua gari yenye ekseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, Patrol Y60 au Land Cruiser 80 au Jeep Cherokee ile ya XJ. Ukiweka springi za kuinua sentimita 5, chesisi na bodi vinapanda sentimita 5, lakini lile jungu la difu, lenye gia za katikati ya ekseli, linabaki palepale lilipokuwa, maana ekseli inakaa juu ya tairi na springi ndo inakaa juu ya ekseli. Jiwe lililokuwa linagonga difu jana litagonga na leo. Kwa kawaida kinachopandisha difu ni tairi refu zaidi, na hapo pia watu wanajidanganya, kwa sababu unapata nusu tu ya urefu ulioongeza. Ukitoka tairi ya 235/75R15 (upana milimita 235, ubavu asilimia 75 ya upana huo, rimu inchi 15) kwenda yenye kipenyo cha inchi 31, kipenyo kinaongezeka sentimita 5 na kidogo, ila difu inapanda kama sentimita 2.7 hivi. Ndogo eeh? Kwenye mawe hizo sentimita mbili na nusu unazihisi vizuri sana.

Na hata bila kuongeza saizi, tairi linabadilisha gari kuliko kitu kingine chochote utakachokinunua. Gari nyingi za zamani unazikuta na tairi za lami zilizokaribia kipara, afu mtu anashangaa mbona inateleza kwenye nyasi mbichi. Kwa anayeanza, tairi za A/T, zile za matumizi mchanganyiko, zinatosha kwa karibu kila kitu. Za M/T, yaani za tope, zenye kashata (yale meno ya tairi) kubwa kubwa zinapendeza na kwenye tope zito hazina mpinzani, lakini kwenye lami iliyolowa zinashika vibaya zaidi, breki inachukua umbali mrefu, na kelele yake mtaongea kwa kupaza sauti safari nzima. Kama asilimia kubwa ya kilomita zako ni lami, na kwa wengi wetu ndo ukweli wenyewe, M/T ni adhabu unayojipa bure.

Hapa gari ya zamani ina faida ambayo wenye gari mpya wanaitamani, rimu za inchi 15 au 16. Rimu ndogo maana yake ubavu wa tairi ni mrefu, na ubavu mrefu ndo unaokuruhusu kupunguza upepo. Unatoka na upepo wa PSI 35 (ndo kipimo chake) barabarani, ukifika kwenye mchanga unashusha mpaka 20 au hata 18, tairi linalala na kurefuka chini, gari inaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwenye mawe linajikunja kulifuata jiwe. Kwenye changarawe yenye mawimbi yale yanayotetemesha mpaka meno, shusha kidogo tu, 25 au 28 hivi, na mtetemo unapungua kwa namna ambayo shokapu za bei mbaya hazikupi. Unahitaji kipimo cha upepo na kikompresa kidogo cha kujazia, basi. Ila ukishashusha, mwendo uwe wa polepole na usikate kona kwa nguvu, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na ukirudi lami jaza kwanza ndo uondoke, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye kasi linapata joto na kupasuka. Ukinunua tairi zilizotumika (wengi tunanunua hizo, tusijidai) soma tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa bado nene na mpira wenyewe umeshakauka na kupasukapasuka.

Sasa upande wa kuinua, maana nao wana lao. Difu sio kitu pekee kinachogonga. Ukipanda kichuguu chenye mgongo mkali, kinacholala pale ni tumbo, yaani katikati ya chesisi, tangi la mafuta, bomba la moshi, na gari ikilala tumbo tairi zinaning'inia zinazunguka hewani, hapo hata kashata za dhahabu hazikusaidii. Kuinua kunasaidia tumbo, kunasaidia bampa la mbele unapoanza mlima na la nyuma unapotoka korongoni. Pia tairi kubwa inahitaji nafasi, ukifunga inchi 31 kwenye gari ambayo haikutengenezewa saizi hiyo inaweza kusugua madigadi ukikata kona au ukizama shimoni, kwa hiyo ule ushauri wa "weka tairi tu" una mwisho wake. Halafu hili wa tairi hatulisemi: gari ya miaka 25 mara nyingi springi zake zimeshalala, haiko tena kwenye urefu iliotoka nao kiwandani. Ukiibadilishia springi hapo hata huinui, unairudisha ilipokuwa. Springi zikiwa zimelala mpaka ekseli inagonga zile raba za kuzuia kila shimo, mi mwenyewe nakwambia acha tairi kwanza, shughulikia springi.

Tatizo langu na kuinua ni kwamba haiji peke yake, ni kama kuvuta uzi mmoja kwenye sweta. Kwenye gari za ekseli nzima mbele zenye mikono na springi za mviringo, ukipandisha sentimita 5 ekseli inajizungusha kidogo na ile pembe inayofanya usukani urudi katikati wenyewe inapungua kama digrii 2, matokeo yake kwenye kasi gari inazurura barabarani, unairekebisha kila saa. Kuna bushi (zile raba za kwenye viungo) maalum za kurudisha ile pembe, sasa umeshaongeza kazi nyingine. Ile fimbo inayoshika ekseli isiende pembeni nayo inaivuta upande mmoja. Mipira ya breki inaweza kuwa mifupi gurudumu likining'inia. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inabadilisha pembe na kuanza kutetemeka. Na kuna kivalvu kidogo ambacho wengi hata hawajui kipo, kwenye pikapu na fowili nyingi za zamani kiko juu ya ekseli ya nyuma na kifimbo chake, kazi yake ni kupima gari imebeba kiasi gani ili ijue breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Ukiinua gari bila kurekebisha kile kifimbo, valvu inadhani gari ni tupu muda wote na breki za nyuma zinafanya kazi nusunusu hata ukiwa umebeba mzigo. Fundi wa kufunga springi haraka haraka hakwambii hilo.

Wenye Hilux na Pajero za zile fimbo za kujisokota mbele, zinazofanya kazi ya springi, wana kishawishi chao, unakaza bolti mbili gari inapanda siku hiyohiyo bila kununua kitu. Kidogo sio mbaya, hasa kama ilikuwa imeshuka kwa uzee. Ila ukikaza sana, gurudumu halina tena nafasi ya kushuka chini likikuta shimo, gari inakuwa ngumu, na sivijointi na boljointi, viungo vya magurudumu ya mbele, zinafanya kazi kwenye pembe kali zikaisha mapema. Urefu umeupata, ila mwendo wa gurudumu umepotea, na nje ya lami huo mwendo ndo unaoufuata. Zile shakeli ndefu za nyuma, vyuma vinavyoshika ncha ya springi za majani kwenye chesisi, hadithi ni hiyohiyo, za urefu wa inchi 2 zaidi zinakupa inchi 1 tu na zinapindua pembe ya difu. Na tusisahau gari ikipanda na uzito wake unapanda, kwenye mteremko wa kwenda ubavu unapinduka mapema zaidi.

Tairi kubwa nazo zina deni lake, nisijipendelee. Ni nzito. Injini ya zamani ambayo tayari ilikuwa inahema mlimani sasa inavuta gia ndefu kwa asilimia 7 hivi kwa ule mfano wa inchi 31, spidomita ikisema 100 we uko 107, na breki zinasimamisha uzito zaidi. Mtu akitaka kuruka mpaka inchi 33 bila kubadilisha gia za difu, na injini ndogo, atajikuta anapanda na gia ya kwanza kila mahali. Mi napenda tairi refu lakini jembamba, 235/85R16 lina urefu uleule karibu sawa na 265/75R16 na ni jembamba kwa milimita 30, halisugui sana na halilemei usukani. Kwenye mchanga laini wenye tairi pana watabisha na wana haki.

Kwa hiyo mi ningeanza na bushi, shokapu zinazovuja, boljointi na beringi, vitu visivyopigwa picha. Bushi za raba zikazwe bolti zake gari ikiwa chini imesimama kwa uzito wake, sio ikiwa juu ya jeki, vinginevyo zinajisokota na kukatika mapema. Kisha tairi za A/T saizi ya kiwandani au hatua moja juu, nitembee nazo muda wa kutosha nione ni nini hasa kinagonga. Likigonga tumbo mara kwa mara, hapo springi, sentimita 4 au 5 isizidi, na shokapu za urefu unaolingana nazo, na kama ni springi za majani, yu-bolti mpya (zile zinazoifunga springi kwenye ekseli) maana za zamani zikishakazwa mara moja hazifai kurudiwa. Springi uchague kwa mzigo unaobeba kila siku. Za mizigo mizito kwenye gari tupu ni ngumu kama benchi na gurudumu linaruka badala ya kushika.

Na tairi ununue tano, sio nne. La akiba likiwa dogo kuliko mengine, kwenye gari inayovuta magurudumu yote muda wote difu ya katikati inazunguka bila kupumzika mpaka ufike nyumbani, na kwenye ile ya kuweka kwa mkono, ukifunga fowili kwenye njia kavu isiyoteleza gia boksi ya fowili inajikaza yenyewe.