Kamati ya Ulemavu Ikae Mahali Panapofikika

Machi, mvua zikiwa zimekolea hapa Mbeya, nilimsindikiza mama jirani yangu kwenye kikao cha mtaa. Anatembelea magongo. Njia ni mteremko wa udongo mwekundu, na mara mbili gongo lake la kulia lilizama ikabidi tulichomoe kwa mikono. Kufika, tukakutana na ngazi. Kikao kiko juu, kimeshaanza, na kinajadili majina ya waombaji wa mkopo wa watu wenye ulemavu. Akasikilizia chini, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliunda Baraza la Taifa la Ushauri, na ikaweka kamati kuanzia mkoa hadi kijiji na mtaa. Waliotunga sheria hiyo walifikiri vizuri, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini baraza litamshauri nini waziri ikiwa huku kwetu kamati haikai, au inakaa ghorofani? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo mbili ni ndogo, kwa hiyo kila shilingi yake inahitaji mtu wa kuifuatilia, tena mtu anayeijua njia ya tope ile.

Kwa waliopoteza kazi hali inafanana. Binamu yangu alipunguzwa kiwandani, na habari za fao la upotevu wa ajira alizipata kwa dereva wa bodaboda. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake. Wafanyakazi wana wawakilishi kwenye bodi za mifuko ya hifadhi ya jamii, inayolipa fao hilo. Basi wawakilishi hao washuke viwandani kabla watu hawajapunguzwa.

Ninachotaka kwa kamati ya mtaa si kikubwa. Watu wenye ulemavu wenyewe wawe ndani yake, na anayenyimwa mkopo aandikiwe sababu. Mama yule mpaka leo hajui ombi lake liliishia wapi.

Nimemwomba mwenyekiti kikao kijacho kifanyike uwanja wa shule ya msingi, maana ni tambarare. Amesema atalifikiria. Jumatatu nitapita kwake tena, na safari hii mama tutakwenda naye.