Uniti 20 na uniti 3,000: hesabu ya sindano za mikunjo

Kati ya Juni 4 na Julai 14, 2025, UKHSA, mamlaka ya usalama wa afya ya Uingereza, iliorodhesha wagonjwa 38 wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya botulini, waliougua baada ya kuchomwa sindano za urembo. Wapo walioshindwa kumeza, wapo waliolemewa na ulimi, na wengine walihitaji msaada wa kupumua. Habari za namna hii huwapa nguvu wanaosema sumu ni sumu tu, na anayekubali itiwe usoni mwake amejitakia. Hofu yao inaeleweka, maana botulini ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Lakini wanamkamata asiye na hatia. Dawa yenyewe, Botox, inayotengenezwa kwa sumu hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kutibu makengeza na kope zinazojifumba zenyewe, kisha mwaka 2002 ikaruhusiwa kwa mikunjo ya katikati ya nyusi.

Msuli hujikunja pale neva inapomwaga asetilikolini, kemikali inayoubebea msuli amri. Sumu hii huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini ya SNAP-25, ambayo bila yake vifuko vya asetilikolini havifunguki. Msuli hulegea na ngozi iliyo juu yake hutulia. Neva haifi, hurudia kazi yake taratibu, ndiyo maana uso hurudi ulivyokuwa baada ya miezi mitatu au minne.

Sasa hesabu. Kwa mikunjo ya nyusi, kipimo cha Botox ni uniti 20 (uniti hupima nguvu ya sumu): sehemu tano, uniti 4 kila sehemu. Kipimo kinachokadiriwa kumuua mtu mzima wa kilo 70 ni kati ya uniti 2,500 na 3,000. Hata mtu akichomwa kichupa kizima cha uniti 100 kwa uzembe, bado hajafika hata sehemu moja ya ishirini ya kiasi hicho. Ni kweli kwamba makadirio hayo yametokana na majaribio ya nyani, na kwamba si lazima mtu afikie kipimo cha kuua ndipo aumwe. Hata hivyo, dawa nyingi tunazomeza bila wasiwasi hazina nafasi kubwa kiasi hicho kati ya kipimo cha tiba na cha kifo.

Basi wale 38 waliuguaje? Ushahidi wa UKHSA ulielekea kwenye bidhaa zisizo na kibali. Nambari iliyo kwenye lebo ina maana pale tu kiwanda kimeipima sumu yake. Mwezi Novemba 2004 huko Florida, watu wanne walipooza baada ya kuchomwa sumu ya maabara ambayo haikutengenezwa kwa matumizi ya binadamu. Kichupa cha toleo lilelile kilikuwa na mikrogramu 100, kiasi kilichokadiriwa kutosha kuua watu zaidi ya 14,000. Kichupa halali cha uniti 100 kina nanogramu chache tu, yaani pungufu kwa zaidi ya mara 10,000. Kwa kipimo cha namna hiyo, ustadi wa mchomaji haumwokoi mtu.

Dawa halali nayo ina makosa yake. Unga huyeyushwa kwa mililita 2.5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ili kila mililita 0.1 ibebe uniti 4. Anayeongeza maji ili kichupa kihudumie wateja wengi hulazimika kuchoma ujazo mkubwa, nao husambaa. Sindano ikikaribia mno ukingo wa mfupa wa jicho, sumu hufikia msuli unaoinua kope na kope huanguka kwa wiki kadhaa. Katika majaribio ya awali tatizo hilo liliwapata takriban watu 3 kati ya 100. Kinga ni kuchoma angalau sentimita moja juu ya mfupa. Tena uniti za Dysport, dawa nyingine ya botulini, si sawa na za Botox: kazi ya uniti 20 za Botox hufanywa na uniti 50 za Dysport, na anayezichanganya huzidisha dozi mara mbili na nusu. Wajawazito na wenye maradhi ya kulegea misuli kama miasthenia hawapaswi kuchomwa kwa ajili ya urembo.

Upande unaoiona kazi hii kama kupaka rangi kucha ndio unaonitia wasiwasi zaidi. England ilipiga marufuku kuwachoma walio chini ya miaka 18 tangu Oktoba 2021, lakini dawa inayohitaji cheti cha daktari bado inaweza kuchomwa na mtu asiye mhudumu wa afya. Mwanya huo ndio unaopaswa kuzibwa, huko na kwetu. Mteja ana haki ya kuona kichupa kikifunguliwa mbele yake, asome jina, toleo na tarehe ya mwisho, na kujua kilihifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Usajili wake unaulizwa TMDA, mamlaka ya dawa, kwa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya.

Ukiona vitu viwili viwili, kope zote mbili zikianguka, au mate yakakataa kumezeka siku chache baada ya sindano, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme ulichomwa nini. Usiposema, daktari anaweza kudhani ni kiharusi. Dawa ya kupinga sumu hunasa ile iliyobaki kwenye damu tu. Iliyokwisha kuingia kwenye neva haitolewi, na kila saa inayopita huingia nyingine.