Msumari wa Injinia

Kwanza kabisa: pilau ya Shangazi haikuungua. Nimeagizwa niliseme hilo mbele, hata kabla ya salamu, kwa sababu kuna watu kule Mbagala mpaka leo wanasimulia kwamba siku ilipoletwa mahari ya dada yangu, mpishi wa kutoka Tanga aliunguza sufuria. Hakuunguza. Kilichoungua nilikiunguza mimi, na nilikiunguza kitaalamu.

Ilikuwa Aprili 2010. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, nasubiri majibu, na nyumbani nilikuwa nimekwisha kupandishwa cheo. Jina langu lilikuwa halitumiki tena. "Injinia, hebu njoo utazame redio hii." "Injinia, pasi haipati moto." Nami naitikisa pasi, naigonga plagi sakafuni mara mbili, ikipata moto yenyewe natikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa tangu mgonjwa anaingia mlangoni.

Basi kikao cha ukoo kilipogawa kazi, Baba Mdogo akasema taa za uani aachiwe Injinia. Nikapewa shilingi 30,000 ninunue waya, holda na taa kumi za rangi, za wati 40. Holda nilinunua, taa nilinunua. Waya nilinunua nusu ya uliotakiwa, maana kati ya duka la vifaa vya umeme na nyumbani kuna kibanda cha chipsi mayai, na mimi sikuumbwa kwa chuma.

Waya ukiwa mfupi, fizikia ina njia yake: unafunga taa kwa mfuatano. Waya mmoja tu, unaingia taa ya kwanza, unatokea unaingia ya pili, hivyo hivyo mpaka ya kumi, halafu unarudi kwenye plagi. Nikafunga, nikaviringisha tepu nyeusi, nikazitundika toka mwembe hadi kwenye nguzo ya turubai. Nikaita watu waje washuhudie. Nikawasha.

"Mbona haziwaki?" akauliza mtoto wa jirani.

"Zinawaka. Sogea."

Akasogea. Ukiikumbatia taa kwa viganja vyote viwili na kuchungulia katikati ya vidole, ulikuwa unakaona kauzi ndani ya kioo kamekuwa kekundu, kama ncha ya udi unaotaka kuzimika. Taa zile zimetengenezwa kila moja ipate volti 230 nzima, peke yake. Ukizipanga kumi kwenye mstari mmoja, ukinzani wake unajumlishwa, mkondo unakonda, na zile volti 230 zinagawanywa kama shamba la urithi: 23 kwa huyu, 23 kwa yule, hakuna anayeshiba. Yule mtoto, katika kuikagua taa ya tatu, akaizungusha ikalegea. Zote kumi zikafa papo hapo. Akaikaza, zikafufuka na wekundu wao. Akalegeza tena. Alicheza mchezo huo mpaka mama yake akamwita.

Baba Mdogo alikuwa kasimama pembeni na soda yake. Yeye ni fundi bomba, darasa la saba, na miaka yake yote kafunga mabomba ya watu. Akatazama, akasema, "Kwani wewe maji ya kwako yanapita kwanza jikoni kwa jirani? Kila nyumba inavuta tawi lake kutoka bomba kubwa. Zipe tawi."

Ndiyo sakiti sambamba hiyo, tumefundishwa tangu shule ya msingi kwa Kiswahili safi, halafu sekondari tukafundishwa upya kwa Kiingereza mpaka tukasahau zote mbili. Nikajifanya ndiko nilikokuwa naelekea. Nikachuna nyaya za feni mbovu, nikaunga, nikafunga kila taa kwenye nyaya zote mbili. Nikawasha. Ua ukawa kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Vigelegele. Mama akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kulipata tena.

Kumbe sifa ndiyo iliyoniponza. Soketi ya kufikia uani ilikuwa moja, na eksitensheni ilikuwa moja, ile ya kuviringishwa kwenye gurudumu la plastiki, waya mita 25. Nilifungua mita nne tu, zilizobaki nikaziacha zimejikunja humo humo, nikalisukumia gurudumu chini ya meza ya keki na kulifunika kwa kitambaa ili lisiharibu mandhari. Watu walipoona Injinia kaleta umeme, kila mtu akaja na plagi yake. Mama mwenye chumba cha mbele akaleta jiko la koili la kukaangia sambusa: wati 1,500. Akina dada wakatumbukiza hita kwenye ndoo ya maji ya chai: wati 2,000. Wajomba wanne waliofika kutoka Lindi na makanzu yaliyokunjamana ndani ya begi wakapanga foleni kwenye pasi ya wati 1,000. Ukijumlisha na taa zangu, wati 4,900. Gawanya kwa volti 230, unapata mkondo wa zaidi ya ampea 21. Kwenye plagi, kwa maandishi madogo ambayo hata mwenye miwani anayaona, fyuzi imeandikwa 13.

Dalili zilikuwepo. Kila hita ikiwashwa, taa zangu zilikuwa zinasinyaa kidogo. Nikawaambia watu kwamba ndivyo umeme wa jioni ulivyo.

"Injinia," akasema Baba Mdogo, "waya ule mwembamba. Mpira wa nusu inchi utalisha mtaa mzima?"

Nikamjibu, mbele za watu, "Baba Mdogo, umeme si maji."

Saa moja haikuisha, fyuzi ikakata. Nikakimbia kwa Mangi. Mangi alikuwa na mishumaa, viwembe, kamba za viatu, dawa ya mbu, fyuzi hana. Nami huku nyuma nimeacha kanzu imenyooshwa mkono mmoja, na ndoo ya maji iko vuguvugu. Nikatazama chini. Palikuwa na msumari wa inchi moja.

Najua. Fyuzi ni kauzi kembamba kalikowekwa pale makusudi kafe wa kwanza ili wengine wapone. Nililiandika hilo kwenye mtihani, na naamini nilipewa alama zote. Msumari haufi. Lakini wewe ungekuwepo pale, wajomba wanne wanakutazama, mmoja kavaa fulana na saruni tu, ungefanya nini? Nikaupachika, nikakaza skrubu, nikachomeka. Vigelegele tena.

Hesabu ifuatayo niliifanya usiku ule baadaye, nikiwa sina kazi isipokuwa kukwepa macho ya watu. Waya ule, kwa unene wake, kwenda na kurudi, ulikuwa na ukinzani wa kama omu 0.7. Ni kidogo, unaweza kuudharau. Lakini joto linalozaliwa ndani ya waya halifuati mkondo peke yake, linafuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe: 21 mara 21, mara 0.7. Ni wati 300 na ushee. Jambo hili Mwingereza mmoja, James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, alilipima miaka ya 1840 kwa kuuzamisha waya ndani ya maji na kusoma kipimajoto. Yeye angalau aliuweka majini. Mimi niliuviringisha tabaka juu ya tabaka ndani ya plastiki, hewa haiingii, nikaufunika na kitambaa cha satini. Nilikuwa nimejenga jiko chini ya keki.

Wageni wakafika kwa wakati, jambo ambalo hatukulitegemea. Wakakaribishwa, wakaketi, na harufu nayo ikaja ikaketi.

Mwanzoni ilijificha ndani ya bizari. Halafu ikachomoza. "Pilau inaungua," akanong'ona shangazi mwingine. "Pilau jamani!" akasema wa tatu. Shangazi wa Tanga alikuwa nyuma ya nyumba, ndiyo kwanza amepalia makaa juu ya kifuniko, amekaa kwenye kigoda chake. Wakamwendea watano kwa pamoja.

"Pilau yangu haijaungua."

"Wifi, harufu yote hii?"

Akafunua, akainamia, akanusa. "Mimi nimepika pilau kabla hujajua kuvaa kanga. Hiyo ni harufu ya kandambili motoni. Nani kanipikia kandambili?"

Lakini mpishi mmoja hawezi kushindana na ukoo mzima. Mama alikuja na machozi karibu yamtoke, akasema wakwe wanageuza pua. Shangazi akasusa. Akapangusa makaa yote juu ya kifuniko, akaishusha sufuria chini, akafunga mikono. Wali ulikuwa umebakiza kama dakika 20.

Uani, mshenga wao alikuwa amesimama. Sauti nzito, kofia ya kiua. "Sisi tulikuwa tunapita njia, tukaona katika bustani yenu kuna ua..."

PAH!

Giza.

"Wamekata umeme hao!" akapiga kelele mjomba mmoja.

"Ndiyo, wamekata," nikadakia upesi. "Siku hizi wanakata sana."

Kwa bahati mbaya nyumba ya jirani ilikuwa inawaka kama meli. Ya upande wa pili nayo vilevile. Ikabaki sisi tu, na moshi mwembamba unaotoka chini ya meza, na keki iliyoanza kuyeyuka sukari ya juu ikainamia upande mmoja, kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari.

Nikalivuta gurudumu. Nililishika kwa mikono miwili, na nikaliachia kwa mikono miwili, kwa neno ambalo haliandikiki. Ngozi ya waya ilikuwa imeyeyuka, matabaka yamegandana kama tambi zilizopikwa na mwanamume, na mahali fulani humo ndani nyaya mbili zilikuwa zimekutana uchi. Hapo mkondo haukuhitaji tena kupita kwenye hita wala pasi. Ulipata njia ya mkato, isiyo na ukinzani wa maana, ukaruka, na breka ya nyumba ikadondoka.

"Imepiga shoti," akasema fundi jirani, aliyeitwa kwa kupigiwa kelele ukutani. Kiswahili chetu kina neno moja tu hapo: nyaya zikigusana ni shoti, na umeme ukikurusha wewe ni shoti vilevile. Mwalimu wangu wa fizikia angelalamika. Usiku ule mimi nililiona linatosha, maana vyote viwili nilivihisi.

Fundi akamulika kwa kitochi, akatoa bisibisi, akafungua plagi juu ya sahani ili skrubu zisipotee. Msumari ukadondoka. Ting. Ulikuwa umepata rangi ya buluu.

"Huu kauweka nani?"

Hakuna aliyejibu. Halafu Mama, taratibu sana, akasema, "Injinia." Alilitamka kama jina la ugonjwa.

Wageni walikula kwa kandili. Pilau ilikuwa na kiini, kila punje inagonga jino, na walitafuna kwa heshima zao, kimya, unasikia mtafuno tu kama mbuzi kwenye mabua. Mzee mmoja akasifu kwamba inashiba upesi. Mahari ilikubaliwa kwa haraka ambayo ukoo wetu haujawahi kuiona, maana kila mtu alitaka kwenda kwao. Baba Mdogo alipita nyuma yangu, akaniinamia sikioni. "Umeme si maji, eti?" Akaenda zake kunawa.

Shangazi hakunigombeza. Alinipakulia mimi ukoko wote, akakaa mbele yangu mpaka nikaumaliza. Kisha akauchukua ule msumari kwenye sahani, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Nilipooa, mwaka 2016, zawadi yake ilikuja kutoka Tanga kwa basi, ndani ya boksi zito. Eksitensheni mpya, waya mnene. Fyuzi tano za ampea 13. Na ule msumari, umefungwa uzi mwekundu kama hirizi, pamoja na kikaratasi kwa mwandiko wa mjukuu wake: "Mwambie mkeo pilau haikuungua."