Kisima si nukta: kapasiti na maji matamu ya Shela

Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, nayo yameelea juu ya maji ya chumvi. Mvua ikikatika na mtiririko ukatulia, mraba wa kimo chake juu ya usawa wa bahari hufuata mlinganyo wa Laplace kwa karibu sana, yaani ni fanksheni hamoniki: thamani yake mahali popote ni wastani wa zile za duara linalopazunguka. Swali ni namna ya kukichora kimo hicho kutokana na vipimo vichache.

Wako wanaotumia polinomia hamoniki tupu (jumla za vipeo vya umbali ambazo zenyewe ni hamoniki), na hoja yao ina nguvu. Mwanahisabati Walsh alithibitisha mwaka 1929 kwamba kwenye seti iliyofungika, yenye kikomo na isiyo na tundu, fanksheni iliyo hamoniki hadi nje kidogo ya mpaka hukaribiwa na polinomia hizo kwa usahihi wowote. Digrii 10 ina vizidishi 21 tu. (Gawanya umbali wote kwa upana wa eneo kwanza, mita 500 kwa kipeo cha 10 itaivuruga kompyuta yoyote.) Kosa nalo hukaguliwa mpakani peke yake, kwa kuwa la ndani halizidi la mpakani.

Kisima, wasema, ni nukta, na nukta ina kapasiti sifuri (kapasiti ni kipimo cha ukubwa wa kitu machoni pa fanksheni hamoniki), basi kipuuzwe. Hapo ndipo wanapoteleza. Kisima kinachovutwa maji ni tundu. Kizungushie duara: polinomia hamoniki itatoa jumla ya mtiririko sifuri kupita duara hilo, hata ukipandisha digrii hadi 100. Maji ya pampu hayamo kabisa katika hesabu! Sharti uongeze logarithimu moja kwa kila kisima.

Na udogo wake? Kapasiti ya duara ni nusu kipenyo chake, lakini huingia kupitia logarithimu. Mpaka ambako mvuto wa kisima hausikiki ukiwa mita 100, kisima cha nusu kipenyo cha mita 1 kina ln 100 (logarithimu ya umbali huo ukigawanywa kwa kapasiti), yaani 4.6, cha sentimita 1 kina 9.2. Umekipunguza mara 100, na kwa mteremko uleule, yaani kimo kikishuka kiasi kilekile, maji yamepungua nusu tu.

Faida kubwa zaidi iko kwenye umbo. Kapasiti ya mstari ni robo ya urefu wake, hivyo mtaro mwembamba wa mita 12 ni sawa na kisima cha kipenyo cha mita 6, kwa mchanga kidogo wa kuchimba. Ukilinganisha na bomba la nusu kipenyo cha sentimita 10, mpaka ukiwa mita 300, kwa kiasi kilekile cha maji mteremko wa mtaro ni asilimia 58 tu ya ule wa bomba. Kwa Shela, hilo ni jambo zito, maana maji matamu yakishuka sentimita 1, chumvi hatimaye hupanda kama 40.

Watetezi wa mtaro nao wasishangilie mapema. Robo hiyo ni ya hesabu ya bapa (vipimo viwili), mtaro ukikata maji matamu yote hadi chini. Katika vipimo vitatu, mstari una kapasiti sifuri. Unene wa mtaro ndio unaoamua, na logarithimu inarudi tena. Mtaro unaoparaza juu ya maji ya kina cha mita 30, ukihesabiwa kwa robo, utakupa mteremko mdogo kuliko utakaoukuta.