Sen no Rikyū na bei ya bakuli la udongo

Mashtaka yaliyomuua Sen no Rikyū, bingwa wa sanaa ya chai wa Japani, mwaka 1591 yalikuwa mawili. Kwanza, sanamu yake ya mbao, miguuni kandambili, ilisimamishwa kwenye ghorofa ya lango la hekalu la Daitoku-ji, Kyoto, ghorofa ambayo yeye ndiye aliyeigharimia. Bwana wake, mtawala Toyotomi Hideyoshi, akipita chini yake, ni kama anakanyagwa kichwani na mwandaa chai. Pili, alidaiwa kuuza vyombo vya chai kwa bei ya kuruka. Akaamriwa ajipasue tumbo, naye akatii, umri wake ukikaribia miaka 70.

Wanaomuenzi hulicheka shtaka la sanamu, kisha wakalipita lile la bei kimyakimya. Kwangu mimi, la bei ndilo lenye nyama.

Rikyū alizaliwa 1522 katika mji wa bandari wa Sakai, kwenye ukoo wa wafanyabiashara wenye maghala, na mwalimu wake Takeno Jōō naye alikuwa tajiri wa hukohuko. Enzi hizo wababe wa vita walikunywa matcha, chai ya kijani iliyosagwa ikawa unga, huku wakitambiana kwa vyombo vya kale kutoka China. Oda Nobunaga, bwana wa kwanza wa Rikyū, alivikusanya vyombo mashuhuri kwa fedha na kwa shuruti, kisha akavitumia kuwatunuku majemadari wake. Siasa ilikuwa imeshaingia kwenye chai.

Alichofanya Rikyū ni kugeuza mizani. Alimpa kazi Chōjirō, fundi anayehusishwa na vigae vya mapaa, amfinyangie kwa mkono mabakuli meusi yasiyo na nakshi. Kipande cha mwanzi akakifanya chombo cha maua. Chumba cha Tai-an kilichopo Yamazaki, kinachoaminika kuwa kazi yake, kina nafasi ya mikeka miwili tu ya tatami, na mlango wake ni mdogo kiasi kwamba mgeni huingia kwa kutambaa, upanga akiuacha nje. Watetezi wake husema huo ulikuwa usawa katika zama za panga. Nawakubalia, ila nusu. Waliotambaa mlangoni humo walikuwa majemadari, watawa na matajiri. Ufukara wa chumba kile mkulima alikuwa nao nyumbani bila kufundishwa na mtu. Isitoshe, kwenye hafla kubwa ya chai ya mwaka 1587 pale Kitano, Kyoto, tangazo lililowaalika hata wakulima na watumishi waje na birika na bakuli walilonalo lilikuwa la Hideyoshi, huyuhuyu mwenye chumba cha chai cha dhahabu. Rikyū alikuwa miongoni mwa waandaaji.

Sasa bei. Waswahili husema chema chajiuza. Bakuli la Chōjirō halikujiuza. Lilingoja Rikyū aseme ni zuri, na akishasema, thamani inapanda. Mshauri wa mtawala ndiye mthamini, na huenda ndiye pia muuzaji. Leo tungeuita mgongano wa maslahi, na hatungeona aibu kuuliza maswali. Kwa upande wa pili, hakuna aliyelazimishwa kununua, na jicho lile lilikuwa la kweli: mabakuli yale bado yanasimama yenyewe, karne nne baadaye.

Kwa hiyo shtaka huenda lilikuwa na chembe ya ukweli, lakini sidhani kama ndilo lililomkera Hideyoshi. Mtawala aliyemiliki dhahabu ya nchi aligundua kwamba kuna thamani asiyoweza kuipanga kwa amri. Hidenaga, ndugu yake, aliyekuwa nguzo ya upatanisho pale ikulu, alikuwa amefariki wiki chache tu kabla. Dhana nyingine, kwamba Rikyū alimnyima Hideyoshi binti yake au alipinga mpango wake wa kuivamia Korea, hazina ushahidi wa kutosha.

Familia ilirudishiwa heshima baadaye, na vitukuu vyake wakaanzisha nyumba tatu za kufundisha chai: Omotesenke, Urasenke na Mushakōjisenke. Hapo ndipo lile shtaka la pili lilipogeuka kuwa utaratibu halali. Mwanafunzi hupanda ngazi kwa vyeti vya kulipia, na chombo ambacho sanduku lake limeandikwa kwa mkono wa mkuu wa nyumba hupanda bei. Wakosoaji huliita soko la utakatifu. Lakini utawala wa mabwana waliokuwa wakizifadhili nyumba hizi ulipoanguka mwaka 1868, ni ada za wanafunzi, na hasa wanawake walioanza kufundishwa chai hadi shuleni, zilizoiokoa sanaa yenyewe. Ningechagua vyeti kuliko kaburi.

Kinachonitatiza ni Rikyū mtakatifu, yule anayenukuliwa akihubiri ufukara. Mengi ya maneno hayo yanatoka kwenye Nanpōroku, maandiko yaliyojitokeza karibu miaka 100 baada ya kifo chake na ambayo wanahistoria wanatilia shaka uhalisi wake. Mfanyabiashara wa Sakai, mwenye jicho kali na mkono kwenye mzani, ananivutia zaidi kuliko mtawa huyo.