Mteja Anayeitwa PFRO

Mkurugenzi wetu wa mauzo ni mtu wa kusoma. Ripoti ikimfikia kwa barua pepe, anaichapisha, anatoa kalamu nyekundu na kuipitia mstari kwa mstari kama hakimu mwenye kesi ya shamba. Kwa hiyo asubuhi ile alipopata kurasa tele zisizo na bei hata moja, hakupiga kelele. Alipigia mistari, akamaliza, ndipo akaniita.

"Fundi, huyu PFRO ni mteja wa tawi gani?"

Nikaishika karatasi. Kila mstari ulianza na "PFRO Error", ikafuata njia ndefu ya faili, halafu "delete operation", mwishoni 0xc0000034. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Amefuta oda TENA. Adaiwe." Ile 0xc0000034 ilikuwa imezungushiwa duara, kwa sababu mkubwa aliamini ndiyo namba ya ankara.

Haya, mwambie sasa kwamba PFRO si mtu. Nikajikaza. Nikamweleza kuwa ni daftari la Windows la kuandika mafaili iliyoshindwa kuyafuta au kuyabadilisha jina wakati kompyuta inawaka, na kwamba ile namba maana yake ni "ulichoniagiza nikifute, sikioni".

Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo hadaiwi?"

"Hadaiwi, mkuu."

"Na huyu setupact?"

Ripoti hiyo huandaliwa na skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, ya mistari michache tu. Inaunganisha faili zote za .log, yaani za kumbukumbu, zilizoachwa na mashine za mauzo za matawi, inapata ripoti.txt, inaituma. Makazi yake ni diski ya pamoja ya ofisi, tunayoiita Z, ambako kila mtu ana ruhusa ya kuandika na hakuna anayekumbuka nani aliandika nini. Nikaingia Z, nikaibofya: mauzo safi, tawi kwa tawi. Nikaibofya tena: safi. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, inapojiendesha yenyewe, PFRO huyo karudi na oda zake. Ushauri ukaanza kumiminika. Huyu anasema virusi, yule anasema waya, mwingine ananishauri nihamie ofisini nilale humo nione kinachotokea.

Sikulala. Niliongeza mstari mmoja juu, echo %cd%, matokeo yake yaende kwenye faili pembeni, ili skripti ikiamka itaje kwanza imesimama wapi. Asubuhi nikafungua faili. Limeandikwa neno moja: C:\Windows.

Hapo nikaelewa. Herufi kama Z si mali ya kompyuta, ni ya mtu aliyeingia. Nikiingia ipo, nikitoka inaondoka na kikao changu, na akaunti inayoendesha kazi za alfajiri haijawahi kuwa na Z maishani mwake. Mtangulizi wangu alilijua hilo, nampa haki yake, ndiyo maana kwenye kiratibu kazi, programu inayoamsha kazi saa ikifika, aliandika njia kamili ya folda ya kuanzia, ile ya mikwaju miwili ya nyuma kisha jina la seva. Bahati mbaya cmd, programu ya Windows inayotekeleza amri za skripti, ina kiburi cha kizee: haikubali kusimama kwenye njia ya namna hiyo. Inanung'unika mistari michache kwamba njia hizo haiziwezi, inahamia C:\Windows bila kumwuliza mtu, inaendelea na kazi. Na saa hizo nani yupo wa kuusikia mnung'uniko?

Ikaambiwa iunganishe kila .log "iliyopo hapa". Hapa ni C:\Windows. PFRO.log ipo, setupact.log ipo, karibuni nyote. Ikawaunganisha, ikamtumia mkurugenzi, kiratibu kazi kikaandika 0x0, yaani mambo shwari. Bora skripti ianguke chini ikipiga mayowe kuliko kufaulu namna hii.

Dawa ilikuwa fupi: pushd "%~dp0". Hiyo inakopa herufi ya muda, ikianzia Z na kurudi nyuma kutafuta iliyo wazi, halafu inasimama kwenye folda ya skripti yenyewe. Mbele yake nikaweka || exit /b 1, ikishindwa kufika ikome palepale. Chini ya hapo nikabakiza amri ya kusubiri dakika kadhaa ili matawi yamalize kutuma, na maelezo mafupi ya REM, mistari ya kusomwa na watu ambayo kompyuta huiruka, huku na kule.

Nikaiendesha mchana, nikakaa naitazama inavyosubiri. Muda ukaisha. Badala ya kuunganisha mafaili, dirisha jeusi likaandika: 'chelewe' haitambuliki kama amri. Kisha ikaanza kusubiri upya, toka mwanzo!

Chelewe? Skripti nzima haina chelewe. Nikaifungua, nikakuta juu kabisa: REM Ndugu zangu wa matawi, nawaomba sana hesabu zije mapema, msichelewe jamani.

Mama wa uhasibu. Aliifungua ikiwa katikati ya kusubiri, akaona mistari yangu ya REM, akadhani ndipo pa kuachia salamu. Sasa cmd haikariri mistari, inashika hesabu ya baiti, yaani herufi moja moja, ilizokwisha kusoma, na kila amri ikiisha inarudi kwenye faili kuendelea kutoka baiti hiyo. Salamu zikasukuma kila kitu chini, hesabu ikaangukia katikati ya "msichelewe".

Nikamwita aone mwenyewe. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akanigeukia.

"Kumbe na yenyewe inawatetea hao wa matawi."